Saa za Mkono na Wenye Kuzikusanya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi aliinuka kijana mmoja katika wanafunzi akauliza suali ambalo wenziwe walilicheka. Alisema: "Sheikh wangu, mtu akipenda saa za mkono, akawa azinunua na kuzikusanya, je, ana dhambi?" Waliocheka walidhani ni suali la kupoteza wakati. Mimi sikucheka, wala sikumjibu usiku ule. Nilimwomba muhula, na muhula huo umekuwa wiki tatu. Sikukawia kwa sababu vitabu vilikosa jawabu. Nilikawia kwa kuwa siku nilipoulizwa suali lile nilikuwa na saa saba katika mtoto wa meza nyumbani kwangu, na ya nane ilikuwa mkononi. Na kadhi haijuzu kuhukumu katika daawa yake mwenyewe.

Kwanza tuwafanyie insafu wenye mapenzi haya, kwani mtu hahukumiwi kabla ya kusikizwa. Saa ya mkono ya kutia ufunguo ni kazi ya ajabu. Ndani yake mna kamani iliyokunjwa, nayo yataka kukunjuka kwa mara moja. Mna na gurudumu dogo liendalo mbele na kurudi nyuma, lililofungwa kwa uzi wa chuma mwembamba kama unywele, na hivi viwili huizuia kamani isitoe nguvu zake ila kidogo kidogo. Katika saa nyingi za leo mapigo hayo ni 28,800 kwa muda wa saa moja, usiku na mchana, bila ya betri wala umeme. Nyingine hujitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Mtu akifunguliwa na fundi mgongo wa saa, akaona yaliyomo, kisha asiseme Subhanallah, basi moyo wake una kutu.

Wala mapenzi haya si mageni kwetu. Sala zetu tano zimefungwa na nyakati zake, kama tulivyoamrishwa katika Surat An-Nisaa, na kwa ajili hiyo misikiti mikubwa ya Misri na Sham ilikuwa na mtu wake maalumu, akiitwa muwaqqit, kazi yake ni kuhesabu nyakati. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya katika Damascus, na mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua ya marumaru ikawekwa katika mnara wa msikiti ule, yenye mistari ya kuonyesha nyakati za sala. Katika karne ya 16 Taqi al-Din, mwanachuoni aliyezaliwa Damascus, aliandika kitabu kizima juu ya saa za magurudumu, za uzito na za kamani, namna zinavyofanywa. Watu hawa waliipenda saa, na mapenzi yao yaliwapeleka msikitini.

Lakini sasa tazameni jambo lililotokea. Siku ya 25 Disemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa sokoni saa ya mkono iendayo kwa betri na kijiwe cha quartz, kwa bei ya yen 450,000, ambayo kwa mwezi mzima haikukosea zaidi ya sekunde tano. Ilikuwa ghali mno, lakini haukupita muda saa za namna hiyo zikawa rahisi. Uswisi, ambako mwaka 1970 watu wapatao 90,000 walikuwa wakila kwa kazi ya saa, ilipofika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki karibu thuluthi yao tu. Leo saa ya Casio iitwayo F-91W, inayotengenezwa tangu mwaka 1989, hununuliwa kwa shilingi elfu chache. Betri yake hudumu kiasi cha miaka saba, na waundaji wake husema kuwa kwa mwezi haikosei zaidi ya nusu dakika. Ama saa ya Uswisi ya kutia ufunguo, hata ile iliyofanyiwa mtihani wa siku kumi na tano na kupewa cheti cha usahihi, ikikimbia sekunde sita kwa siku huhesabiwa kuwa imefuzu. Sekunde sita kwa siku thelathini ni dakika tatu kamili. Ya mchukuzi wa bandarini, basi, yajua wakati kuliko ya tajiri.

Na siku hizi kila mmoja wetu ana simu mfukoni imwambiayo saa na kumwadhinia. Kwa hivyo tusidanganyane. Anunuaye saa ya laki moja au ya milioni hanunui wakati. Anunua nini?

Nimekaa nao, nami ni katika wao, hivyo nawajua. Wakikutana, hakuna azungumzaye wakati hata kidogo. Watazungumza juu ya uso wa saa, akrabu zake, na kama kioo ni kile cha asili. Wana ladha ambazo mtu wa nje hazifahamu. Ziko saa za zamani zilizotoka kiwandani na uso mweusi, kisha kwa miaka mingi ya jua uso ukageuka ukawa rangi ya kahawa. Huko Ulaya na Marekani hizi huziita nyuso za nchi za joto, na bei yake hupanda juu ya bei ya saa mfano wake ambayo haikuharibika. Sisi watu wa pwani, ambao jua na chumvi vimetufifilizia milango na vitabu na kanzu, lau tungelijua kuwa uharibifu huu una wanunuzi tungelikuwa matajiri! Pia hawataki saa iliyosuguliwa ikang'arishwa. Wataka ibaki na mikwaruzo yake, na kijisanduku chake, na karatasi za siku ya kwanza kuuzwa.

Katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos bin Said wa Oman aliagiza saa za Rolex zilizotiwa nembo ya jambia usoni, za kutunukia watu. Saa mfano wake zisizo na jambia zaenda sawasawa na hizo, dakika kwa dakika, lakini zenye jambia hugombaniwa minadani kwa fedha nyingi zaidi. Mwaka 2017, katika mji wa New York, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya Paul Newman, mchezaji sinema wa Marekani aliyefariki mwaka 2008, iliuzwa kwa dola 17,752,500. Nyuma yake mkewe alikuwa amemchorea maneno ya kumuusia aendeshe gari kwa uangalifu. Kumbe mnunuzi yule hakununua chuma, amenunua wasia wa mke wa mtu.

Na mwaka 2019 katika mji wa Geneva iliuzwa saa moja ya Patek Philippe kwa faranga za Uswisi milioni 31. Saa hiyo haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ya chuma cha pua, na kwa kuwa ndiyo ya pekee ya namna yake kwa chuma ndiyo maana ikapanda hivyo. Insafu yatutaka tuseme pia kuwa mnada ule ulikuwa wa kheri, na fedha zake zilikusudiwa uchunguzi wa maradhi ya misuli yanayowapata watoto. Huenda aliyetoa mali ile ana nia tusiyoijua. Mimi namtaja kwa jambo jingine. Wengi wetu twadhani kuwa maadamu saa si dhahabu basi sharia haina neno nayo, na mtu avaapo chuma amesalimika. Huyu amevaa chuma.

Baada ya haya mtu atasema: Sheikh ataka tuvae matambara. La. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya apendaye nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri naye apenda uzuri, na kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Saa nzuri ni kama kiatu kizuri. Ubaya waanza pale saa inapokuwa mizani ya kuwapimia watu. Na hili nalikiri: nimepata kupewa mkono na mtu baada ya sala, na jicho langu likaenda katika kiwiko cha mkono wake kabla ya kwenda usoni pake.

(Kwa kupita tu: wako wanaovaa saa mkono wa kulia na kuwakemea wanaovaa kushoto, wakidai ni sunna. Hapana andiko lolote lililokuja katika jambo hili. Vaa upande unaokufaa, umwache nduguyo.)

Ama hukumu zenyewe, ya dhahabu haina shaka. Dhahabu ni haramu kwa wanaume na halali kwa wanawake, na saa ya dhahabu mkononi mwa mwanamume hukumu yake ni hukumu ya pete. Mtume (S.A.W.) aliona pete ya dhahabu katika kidole cha mtu akaivua akaitupa, akaifananisha na kaa la moto. Mtume alipokwisha kwenda, watu walimwambia mwenyewe aiokote anufaike nayo, naye akaapa kuwa hatakiokota kitu alichokitupa Mtume. Mtu yule hakuuliza kama ingeuzika. Ama saa iliyopakwa tu, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii hutazama: ikiwa lau ingetiwa motoni ingetoka dhahabu yenye kuonekana, ni haramu kuivaa. Ikiwa ni rangi tu isiyotoa kitu, basi haina ubaya.

Lakini jambo ambalo wenye kukusanya saa hawapendi kulisikia ni zaka, na hapa nataka tukae kidogo. Mtu akinunua saa za chuma kwa ajili ya kuvaa na kujipamba, hazina zaka, hata zikiwa kumi. Akinunua saa kwa nia ya kuiuza bei itakapopanda, hiyo ni bidhaa ya biashara. Ukitimia mwaka, huitia thamani kwa bei ya sokoni ya siku hiyo, pamoja na mali yake nyingine ya biashara, na ikifika kiwango hutoa robo ya sehemu ya kumi, yaani shilingi 25 katika kila elfu. Na mwanamume mwenye saa ya dhahabu, juu ya dhambi ya kuivaa, dhahabu yake yaingia katika hesabu ya zaka, kwani zaka husamehewa pambo lililo halali, nalo si halali kwake. Kiwango cha dhahabu ni mithqali 20, nazo ni karibu gramu 85.

Sasa msikilizeni mwenye kukusanya. Mkewe akimlaumu kwa nini amenunua saa nyingine ilhali karo ya watoto haijalipwa, husema: "Hii si matumizi, mama watoto, hii ni akiba. Mwakani itauzwa mara mbili." Ukija mwezi wa kutoa zaka akaulizwa juu ya akiba ile, husema: "Ah, hizi ni za kuvaa tu." Mbele ya mkewe ni mfanyabiashara, na mbele ya masikini ni mpenda pambo. Mtu huyu amemdanganya mmoja katika wawili, na nia aliyokuwa nayo siku ya kununua haijui mkewe wala haimjui masikini, lakini yuko aijuaye. Nilipofungua ule mtoto wa meza nikaziuliza saa zangu moja moja, nilikuta nne ambazo sikuwahi kuzivaa, na ambazo niliwaambia watu wa nyumbani kuwa nitaziuza. Mbili nilikaa nazo miaka mitatu. Sikuwa nimezitolea hata senti. Nami nasomesha babu ya zaka kila Shaabani!

Juu ya kuuziana, maneno ni machache kwa kuwa mambo ni wazi. Saa ya zamani yaweza kuwa na uso uliopakwa upya, na akrabu za saa nyingine, na mgongo wa ya tatu, ikauzwa kwa jina la ile ya asili. Anayejua na asiseme ni kama yule muuza nafaka ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo lake akakuta chini kumerowa, na mnajua alivyomwambia. Saa za bandia zenye majina makubwa zimejaa barabarani, na mwenye kuuza huambiwa na mnunuzi mwenyewe: "Nipe inayofanana." Hao wawili hawakudanganyana wao kwa wao, watakaodanganywa ni wengine watakaokaa karibu na mkono ule. Ama minadani, yule apandishaye bei wala hana nia ya kununua, ili rafiki yake auze ghali, amefanya najshi, nayo Mtume aliikataza kwa jina lake. Wala kupandisha bei kwa kutumia simu hakukuipa hukumu mpya.

Sasa nitaeleza kwa nini muhula wangu umekuwa wiki tatu na si moja.

Kabla ya masika niliezeka upya paa la nyumba yangu. Fundi aliyenifanyia ni mzee mwenye heshima zake, husali nasi msikiti mmoja, safu ya pili, upande wa dirishani. Zilibaki shilingi 18,000 za ufundi wake. Nilimwambia: "Mzee wangu, inshallah mwisho wa mwezi." Akasema hapana neno. Ukaja mwisho wa mwezi nikamwambia mwisho wa mwezi ujao. Hakusema neno. Katika muda huo akanipigia simu mtu mmoja mwenye kuuza saa za zamani, akaniambia amepata moja ambayo nimekuwa nikiitafuta tangu nilipokuwa mwanafunzi, uso wake umeiva vizuri, na bei yake ni shilingi 22,000, na kuwa yuko mtu mwingine aitaka. Sikulala usiku ule. Asubuhi nilimpelekea fedha. Wallahi, nilipokuwa nikizituma, fundi yule hakunipitia katika fikra hata mara moja. Hili ndilo linitishalo zaidi. Lau ningelimkumbuka nikamdhulumu, ningejua kuwa nimetenda kosa. Lakini sikumkumbuka.

Wiki ya pili baada ya suali la kijana yule, tulipotoa salamu katika sala ya Alasiri, mzee yule alinijia akanipa mkono kwa mikono yake miwili, kama ilivyo desturi yake. Mkono wa kanzu yangu ukapanda. Akaitazama ile saa, kisha akanitazama. Akasema: "Mashallah, Sheikh. Saa nzuri. Yaenda sawasawa?"

Nikasema: "Yaenda, mzee wangu."

Akainama akaitazama tena kwa karibu, kwani macho yake si mazuri. Akasema: "Naona ina na tarehe."

Basi hayo tu. Aliniachia mkono akavaa viatu vyake akaenda zake, wala sidhani alikusudia kunisimanga. Yeye si mtu wa mafumbo. Lakini mimi nilikaa pale mpaka jua likapinda, nikiikumbuka ile hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, nimeisomesha mara ngapi sijui, kuwa mwenye uwezo akichelewesha deni huo ni udhalimu. Na uwezo wangu ulikuwa mkononi, watu wote waliona, una na tarehe.

Siku ya pili yake niliirudisha saa kwa mwenye kuuza. Alinipa shilingi 15,000, akasema soko limelala. Niliongeza 3,000 nikampelekea fundi nyumbani kwake, nikamtaka radhi. Aliniitia kahawa. Tulizungumza habari za kiangazi na samaki, na neno la saa halikutajwa.

Basi, mwanangu uliyeuliza, jawabu lako ni hili. Kupenda saa si dhambi. Kuwa nazo zaidi ya moja si dhambi, ikiwa si dhahabu, na zimepatikana kwa halali, bila ya mkopo wa riba, na hakuna haki ya mtu uliyoilalia. Unalofaa kuuliza kabla ya kununua si kama saa ni nzuri, bali ni nani akudaiye leo. Anza na mama yako, kisha mkeo na watoto, kisha mwenye nyumba, mwenye duka, na fundi. Hesabu majina yao kwa vidole. Na ukishanunua, andika siku ile ile katika daftari nia yako ni ipi, ya kuvaa au ya kuuza, ili ukija mwezi wa zaka usibishane na nafsi yako, kwani yeye ni dalali hodari kuliko wote.

Za kwangu nne nimezitia thamani, nimehesabu ya miaka yote iliyopita, na zaka yake nimeitoa. Tatu zilizobaki nazivaa kwa zamu. Moja katika hizo ni ya marehemu baba, hukawia dakika mbili kwa siku, nami huirekebisha kila asubuhi.

Mwenye saa nyingi na asiyejua ya kutolea zaka na isiyo ya kutolea, na aje darsani Alkhamisi baada ya Magharibi na orodha yake, bei alizonunulia, na nia aliyokuwa nayo. Tutahesabu pamoja, na hatutamsomea mtu orodha yake mbele ya wenziwe. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.